Kadi Zilizonyooshwa Kingo

Jumanne, tarehe 12 Machi 1974. Saa mbili na robo asubuhi Kapteni Abudu, mkurugenzi mpya wa kituo cha utafiti wa magonjwa ya watoto, aliingia katika chumba cha kumbukumbu. Saa mbili na nusu alikuwa amekwisha kutoa amri, na saa tano mashine ya kukatia karatasi ingeletwa. Joska Lamunu, karani wa chumba hicho, alibakiwa na saa mbili na nusu za kuokoa kazi ya miaka sita.

Kadi zilikuwa elfu mbili, kila moja na mtoto wake wa mtaa wa Kyebando au Kasubi. Katikati ya kadi paliandikwa namba na uzito tu, kwa kuwa maradhi ya mtoto si habari ya kila apitaye. Maradhi yaliwekwa pembezoni, kwenye safu ya matundu. Mtoto akiwa na selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, tundu la selimundu lilikatwa likawa pengo lililo wazi hadi ukingoni. Ukiwatafuta watoto hao, ulishika bunda la kadi, ukapitisha sindano ndefu ya kufumia katika tundu hilo, ukatikisa. Kadi zenye pengo zilianguka mezani. Nyingine zilibaki zikining'inia.

Kapteni aliyatazama mapengo, akacheka. "Panya wa hapa anakula vizuri kushinda askari! Dada, wageni wa wizara wanakuja leo mchana. Kata hii kingo yote, ikuwe nyoofu."

"Si panya, Afande," alisema Joska. "Mapengo hayo ndiyo majibu yenyewe. Tukiyakata, hatutajua tena mtoto yupi anaumwa nini."

"Tundu inasema?" Kapteni alimgeukia Daktari Nashon, mtafiti mkuu, aliyekuwa ameingia naye. "Daktari, wewe unasikia tundu inasema?"

Nashon ndiye aliyeupanga utaratibu ule, yeye na profesa aliyefukuzwa nchini. Mapengo mengi aliyakata kwa mkono wake. Sasa aliinamisha macho kwenye viatu vyake.

"Usafi ni jambo muhimu, Afande," akasema.

Joska alimkazia macho Daktari. Kapteni hakujua, na asiyejua huelezwa. Lakini huyu! Hata hivyo aliinamia droo, akaanza kutoa kadi. Kaka yake Okeny, askari, alichukuliwa kambini mwaka 1971, jeshi lilipotwaa nchi, na hakuonekana tena. Tangu hapo, watu wa kwao hawakuwabishia wakubwa mara mbili.

Wanaume walipotoka, Kaltumi, mpiga chapa, alifunga mlango. "Mwenzangu, bunduki haisomeshwi. Shika sindano yako."

"Matundu ni arobaini, Kaltumi. Saa tano nitakuwa nimemaliza moja tu."

"Basi chagua hilo moja. Wizara haijui hata la kwanza liko wapi."

Joska alilitazama tundu la selimundu, lililobeba utafiti wote, akaliacha. Alipitisha sindano katika tundu la watoto ambao penisilini huwadhuru, wale ambao dozi moja tu ingeweza kuwaua. Akatikisa bunda baada ya bunda. Kila kadi iliyoanguka, Kaltumi aliiandikia katikati kwa wino mwekundu: ASICHOMWE PENISILINI. Siri ilivunjwa, lakini Joska aliona heri mtoto aliyeanikwa kuliko mtoto aliyezikwa.

Bunda la mwisho lilipowekwa chini, mashine ilikuwa mlangoni. Askari wawili waliangusha kisu hadi saa saba. Selimundu, kifafa, vifo vya ndugu, yote yakalala sakafuni, utepe juu ya utepe.

Nashon alirudi, akasema kwa sauti ya chini, "Umefanya busara kutobishana, Joska."

"Usinipe busara yako, Daktari. Mimi nilisema. Wewe ulijua, ukasifu usafi."

"Nina watoto nyumbani."

"Na hawa niliowaacha wakatwe ni wa nani?"

Saa tisa wageni walipita, wakasifu rangi ya kuta, wakanywa chai. Hawakufungua droo hata moja.

Machi 1975, kituo kilituma watu Kyebando, wakaanza upya na nyumba ya kwanza, wakawachoma watoto walewale vidole na kuwauliza mama zao maswali yaleyale.