Bibi leo kamkimbia mgeni wa Kijerumani

Bibi yangu, na uzee wote ule, leo kakimbilia kwenye mikakao!

Tulipata mgeni hapa Bujonde, Mjerumani anaitwa Otto. Anatafuta kaburi la babu mzaa babu yake, mlowezi wa enzi za Mjerumani, naye akiitwa Otto.

Kusikia jina tu, Bibi kajifunika kanga usoni, huyoo!

Mgeni akaniuliza, "Nimemkosea?"

Nyie wa Kyela mnanielewa. Marehemu babu, mume wa Bibi, alikuwa mtoto wa huyo mlowezi. Na mwanamke wa Kinyakyusa wa kweli haonani na baba mkwe, wala mwenye jina lake.

Nikamwambia, "Hujakosea, kaka. Umetambuliwa!"

Akalia.

Bibi akapaza sauti kutoka mikakaoni: "Mwambieni baba mkwe asiondoke, wali unaiva!"