Kupokewa Kwenye Mlima wa Kibugu

Alhamisi, tarehe saba Agosti mwaka wa 2025, saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi, niliitoa baiskeli ya marehemu mume wangu nyumbani kwetu Ruiri, Meru, nikaielekeza Kibugu, kwao Embu. Nilikuwa na umri wa miaka sitini na mmoja. Jumapili hiyo, ibada ya saa nne, nilikuwa nimeombwa kusoma somo la kwanza katika kanisa alimobatizwa mume wangu. Ama niseme ukweli: niliomba mwenyewe, kwa barua niliyoiandika mara tatu hadi mwandiko ukanyooka.

Sababu yangu haikuwa takatifu. Nilipoolewa, wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, alisema mbele ya wanawake wa kanisa hilo kwamba ndugu yake alivuka mito yote kutoka Embu hadi Meru akatafute mke asiyejua kitabu kinashikwa upande gani juu. Walicheka. Nami nilicheka, kwa kuwa sikujua la kufanya. Nilianza kusoma nikiwa na miaka arobaini na minane, magoti yakigonga mbao za dawati la mtoto. Sasa nilitaka wanisikie. Tena nilitaka kufika kwa nguvu zangu, bila lifti wala kusukumwa, asije mtu akasema kwamba nililetwa.

Barabara ile huwa na usingizi wake. Kanyagio la kulia lilisema “Bwana”, la kushoto likasema “nihurumie”, na nilipofika Nkubu sikujua tena kama mimi ndiye niliyekuwa nikiomba au ni mnyororo. Niliteremka mabonde hadi masikio yakaziba. Sauti ya mto ilinifikia kabla ya mto wenyewe, na ukungu ulikuwa umelala juu ya migomba kama nguo iliyosahauliwa. Mahali fulani nilimwona mume wangu mbele yangu, shati lake jeupe limejaa upepo. Sikuharakisha. Nilipokaribia nikakuta ni shati la mtu limeanikwa kwenye ua. Nililisalimu hata hivyo.

Kabla ya Chuka, nikiikokota baiskeli mlimani, mwendesha bodaboda alipunguza mwendo kando yangu.

“Shosho, hiyo baiskeli unaipeleka ama inakupeleka?”

“Tunasindikizana.”

“Panda hapa nyuma, tuifunge juu. Huu mlima utakuzika!”

“Nimekwisha kuzika, mwanangu. Mlima hauna la kunifundisha.”

Alicheka akaenda zake, nami nikajisifu moyoni kwa jibu hilo hadi kileleni.

Jumamosi nilipumzika kwa mpwa wa mume wangu, mtaani Dallas, mjini Embu. Kumbe alimpigia wifi yangu simu, akamwambia kwamba ninapanda kwa baiskeli.

Jumapili nikaanza kupanda kuelekea Kibugu kungali na manyunyu. Majani ya chai yalikuwa yameinama pande zote mbili, yakimeta, na dunia yote ilinyamaza kama kanisa kabla ya wimbo wa kwanza. Saa tatu na nusu, ndani ya ukungu, nilimwona mwanamke akiteremka: kitambaa cha kanisani kichwani, gambuti miguuni, viatu vizuri mkononi ndani ya mfuko. Alikuwa wifi yangu. Ana miaka zaidi ya sabini, na magoti yake hayampendi.

Kwetu, mgeni akionekana mlimani, mwenyeji humwendea na kumpokea mzigo. Hata uwe kikapu kitupu, unakitoa. Kukatalia mzigo wako ni kusema kwamba nyumba unayoiendea si ya kwenu.

Alinyoosha mikono, akashika usukani. Sikuuachia.

“Niache, wifi. Hii nitaimaliza mwenyewe.”

Alinitazama. “Haya. Imalize.”

Akajitenga kando, nikapita. Nyuma yangu nikasikia gambuti zikinifuata kwa mbali, kama mtu anayemfuata ng'ombe wa jirani ili asiingie shambani. Kwa mwendo wangu ningefika kwa wakati. Kwa mwendo wake, kama ningemngoja, somo lingesomwa na mwingine. Siku nne za barabara, miaka kumi na mitatu ya madaftari!

Ndipo nikamkumbuka yule mtu wa Injili aliyekuwa akitoka shambani, askari wakamkamata akambebea Bwana msalaba. Sikumbuki mahali popote palipoandikwa kwamba Bwana alimwambia, Niache, nitaumaliza mwenyewe. Aliuachia. Yeye! Miguu yangu ilisimama kabla sijaiamuru.

Alipofika alikuwa akihema. Nilimgeuzia usukani. Aliushika, akapiga hatua mbili, na kanyagio likamgonga muundi.

“Ui! Mnyama gani huyu? Ndugu yangu alikuwa akimpanda huyu?”

“Alimpanda hadi kwetu.”

“Basi alikupenda. Mimi nisingefika hata sokoni.” Akasukuma kidogo, kisha akasema bila kunitazama, “Nilijua hutaniruhusu nikupokee. Ningekuwa wewe, mimi pia nisingeruhusu.”

Nilimshika kiwiko ili asiteleze, tukapanda polepole, tukisimama kila alipotaka.

Tulifika saa nne na dakika kumi na saba. Binti mmoja alikuwa akifunga Biblia. Wifi yangu alibadili viatu mlangoni, akanikokota mkono hadi benchi la mbele, penye watu wa ukoo wake.

“Sogeeni,” akasema, kwa sauti iliyomfanya mhubiri anyamaze. “Sogeeni, mwenye nyumba aketi.”

Wakasogea. Mahubiri sikuyasikia vizuri. Bega lake lilikuwa na joto dhidi ya langu, na chini ya benchi miguu yangu, isiyojua kwamba tumefika, iliendelea kuzunguka.