Karibu Ndani, Khal

Kocha wetu alikuwa Mkenya aliyefanya kazi benki, na kama Wakenya wengi waliokuja Juba miaka ile ya amani, aliamini kila mtu mrefu hapa amezaliwa akijua mpira wa kikapu. Jioni ya kwanza alitupanga mbele ya ukuta wa shule, akatupitia mmoja mmoja, kisha akavuta wawili mbele. Wa kwanza alikuwa mrefu hivi kwamba hakuna mlango mtaani kwetu Hai Malakal ambao hakuuinamia. Wa pili nilikuwa mimi. Mimi nilikuwa mfupi, lakini nilijua kudunda mpira. Nilikulia Eldoret, na huko nilikuwa nimegundua kwamba mtu akidunda mpira, watu hawamwulizi maswali.

"Huyu mrefu ni senta, atasimama chini ya kikapu," kocha akasema. "Huyu ni gadi, atamletea mpira na kumwambia aende wapi. Hao wengine nitawapanga wawazunguke hawa wawili. Mnakaa wapi nyinyi?"

"Boma moja," nikajibu, macho kwenye viatu.

"Safi! Watu wa sufuria moja. Mtaelewana tu."

Hakuuliza hiyo sufuria tunailaje.

Senta huyo alikuwa khal wangu, yaani mjomba, kitinda mimba wa nyanya. Nilimzidi umri kwa mvua moja, lakini hilo halikubadilisha kitu. Yeye alirudi kutoka Khartoum, mimi kutoka Kenya, tukakutana kwa nyanya sauti zetu zikiwa zimeshavunjika. Yeye alikula kwanza, na wazee. Mimi nilimmiminia maji ya kunawa kwa birika, kisha nikakaa na watoto kungoja kitakachobaki. Kwetu mpwa hamtumi mjomba wake. Hamwambii njoo, hamwambii sogea. Mjomba akikalia kitabu chako cha hesabu, unangoja mpaka ajisikie kusimama.

Basi huyo ndiye niliyetakiwa kumpigia kelele mbele ya watu.

Mazoezini khal alichagua mahali pake, pembeni, kwenye kivuli cha ukuta. Alisimama amenyoosha mikono miwili, vilevile anavyoinyoosha nikija na birika. Mimi nami nikampelekea mpira hukohuko kivulini, na njiani wakaninyang'anya. Kila mara.

"Mwambie aingie ndani!" kocha akafoka. "Wewe ni gadi ama ni bubu?"

Nikamwendea khal na kumweleza kwa upole kwamba kocha angependa, ikiwezekana, tusogee kidogo.

"Mimi iko sawa hapa," akasema. Kiswahili chake alikipata kwa Waganda wa bodaboda. "Wewe leta mpira tu."

Ijumaa kocha aliniita kando. "Kesho tunacheza na Hai Mauna. Nisiposikia sauti yako, Jumatatu wewe ni mtu wa kubeba maji. Gadi nitatafuta mwingine."

Sikulala vizuri. Darasani nilikuwa "yule Mkenya" ambaye Kiarabu chake kilichekesha hata mwalimu. Uwanjani tu ndipo nilipokuwa mtu, na nilipapenda kwa sababu hapakuhitaji maneno. Sasa napo palitaka maneno.

Jumamosi tulicheza vizuri kuliko tulivyostahili. Mwishoni tulikuwa nyuma kwa pointi moja, mpira ninao mimi, na khal yuko kivulini, mikono imenyooka. Kocha alinitazama, mkono sikioni. Nikafungua mdomo niseme "Ingia!" Neno likakataa. Likatoka lile ninalomwambia mgeni yeyote aliyesimama mlangoni kwetu:

"Khal! Karibu ndani, tafadhali!"

Uwanja mzima ukacheka. "Gadi, leta na chai!" wakapiga kelele vijana wa Hai Mauna.

Lakini khal alikaribishwa, na mtu mwenye heshima zake akikaribishwa huingia. Akaja bila haraka, wale waliokuwa wakicheka wakampisha, akafika chini ya kikapu. Nikamrushia. Akauweka ndani kama anayeweka kikombe mezani.

Tulikuwa mbele! Nikarudi mbio kulinda upande wetu, nikageuka nyuma. Khal alikuwa bado kulekule, chini ya kikapu chao, ametulia, mgeni aliyefika. Nami niliyemkaribisha ningemwambiaje ondoka? Tukawakabili Hai Mauna tukiwa wanne. Wakafunga, filimbi ikalia.

Kocha alikaa chini vumbini akashika kichwa. Aliponyanyuka alinirushia mpira.

"Nimekusikia," akasema. "Nafasi ni yako. Lakini Jumatatu tutafanya zoezi la kuaga."

Nilidhani ni mzaha. Haukuwa.

Jioni hiyo nilipeleka birika kama kawaida. Khal alinawa taratibu, akanitazama.

"Leo wewe iko na adabu," akasema. "Lakini ile mwisho, kwa nini wewe hapana niambia rudi?"

"Ningekuambiaje, khal?"

Akafikiri, maji yakimtiririka viganjani.

"Kweli," akasema, akaenda kula na wazee.