Mtihani wa Mejumaa

Atakayewaambia kwamba ndugu yangu Mwero alimponza mwanawe kwa ujinga, mleteni hapa ninapouza bajia, langoni pa kliniki. Nitamwonyesha mjinga ni nani. Mimi ndiye dadake mkubwa, na neno lililoharibu mambo lilitoka kinywani mwangu.

Mwero ni fundi wa kuezeka makuti. Hoteli chungu nzima za Diani zimepita mikononi mwake, lakini shule hakuikanyaga. Mkewe alifariki akaacha kitoto cha miezi minne chenye tundu moyoni, midomo kama ya mtu aliyekula zambarau. Mwero alikibeba kutoka zahanati hii hadi ile kwa miaka mitatu, mpaka madaktari wageni waliofika Mombasa wakamfungua kifua mtoto huyo, Mejumaa, wakaliziba lile tundu. Tukachinja mbuzi, tukasoma maulidi, tukadhani yamekwisha.

Wapi. Mtoto ukimtuma chumvi na kibiriti, analeta kibiriti, chumvi kaisahau njiani. Ukimfundisha kuhesabu jana, leo ni mgeni. "Atachangamka tu, dada," Mwero akisema. "Alichelewa kuanza."

Mwanzoni mwa mwaka wa tisini na nane, siku ya Jumanne, Sista Veronicah, muuguzi kutoka bara, alikuja kununua bajia. "Mama Menza," akaniambia, "mwambie ndugu yako amlete Mejumaa Jumatano ya wiki ijayo. Watoto waliozaliwa na shida ya moyo, wengine akili zao huchelewa, kwa hivyo tunawapima. Atakayeonekana ana shida atapata mwalimu maalumu wa kumfundisha polepole. Nafasi ni sita tu."

Nilimsikia vizuri. Lakini nimwendee mwanamume nimwambie mwanao anakwenda kupimwa akili? Hapa kwetu anayepimwa akili ni mwendawazimu, na msichana akishapewa jina hilo, nani atamposa? Niliona haya. Nikakumbuka watu wanavyosema maradhi ya mtoto ni mtihani wa Mola, nikaona neno hilo lina heshima. Nikamwambia Mwero, "Jumatano ya wiki ijayo Mejumaa ana mtihani kwa Sista." Ya mwalimu sikuyataja.

Kwa mtu ambaye hajawahi kufanya mtihani hata mmoja, mtihani ni kupita au kuanguka. Na muda alikuwa nao, maana tangu zile vurugu za Likoni za mwaka uliotangulia watalii hawakuja na hakuna hoteli iliyotaka paa. Kesho yake alisimama dirishani pa kliniki kutwa, akatazama watoto wengine wakipimwa. Aliona picha tatu: bata, kikombe, ufunguo. Aliona vipande vya mbao vikipangwa. Akarudi nyumbani, akakata mbao za saizi ile ile, akachora picha kwa mkaa juu ya boksi.

Wiki nzima, asubuhi na jioni. "Ya kwanza?" "Bata." "Ya pili?" "Kikombe." "Ya tatu?" "Ufunguo." Akikosea, hakumchapa, walianza upya. Akipata, alimpa kipande cha muwa. Nilipita nikawaona, nikawatania kwamba mwaka huu ukoo wetu utapata daktari.

Jumatano Mejumaa alimwamkia Sista shikamoo, akajibu yote. Sista alifurahi, akaandika barua ya kupeleka shuleni kwamba mtoto yuko sawa. Mwero alitoka kifua mbele, akanunua bajia zangu zote akawagawia watu wa foleni.

Barua ile ndiyo iliyotuumiza. Darasa la kwanza lilikuwa na watoto sabini, na mwalimu alipoisoma alijua anachotaka kujua: huyu hana ugonjwa, huyu ni mvivu. Kufika muhula wa pili Mejumaa alikuwa akijikojolea akisikia kengele. Siku moja Mwero alinijia analia, amemshika mtoto mkono uliovimba kwa fimbo. "Dada, huyu alipita. Mbona hajui?"

Ndipo nikamweleza yote. Wahenga walisema mficha uchi hazai; mimi niliuficha wa mwenzangu. Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alimchukua mwanawe kwenda kwa Sista, nami nikafuata nyuma.

Sista alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akatoa picha nyingine kabisa. Akaweka mbuzi mezani. Mejumaa alimtazama baba yake, akatabasamu. "Bata." Akaweka kitanda. "Kikombe." Akaweka mwezi. "Ufunguo," akasema kwa sauti ya kushinda, halafu akanyoosha kile kiganja kilichovimba ili apewe muwa.

Mwero aligeukia ukuta. Sista alivua miwani, akatuambia kwamba nafasi sita zilijaa zamani na hajui kama mwakani zitakuwapo nyingine. Akaandika jina la Mejumaa chini ya yale sita.

Tulirudi kwa miguu, mtoto katikati yetu. Tulipokaribia nyumbani akamvuta baba yake shati.

"Baba, mtihani nimepita?"

Mwero alinitazama, mara ya kwanza tangu nimweleze.

"Mjibu wewe, dada," akasema. "Neno ni lako."