Vidole vya Dorothea

Mtu akikwambia mashine ilimkataa Dorothea kwa sababu ya utakatifu wake, mlete hapa machimboni kwetu, nyuma ya Kizota, nimpe nyundo. Agonge kokoto msimu mmoja tu. Halafu twende naye kwa wakala wa laini tuone kama na yeye hatakuwa mtakatifu.

Mimi Kuluthumu nimegonga mawe ubavuni mwa Dorothea miaka mingi. Mimi mtu wa Busi kule Kondoa, yeye Mgogo wa hapa hapa. Mimi naswali, yeye anasali, na mchana tunakula ugali kwenye bakuli moja. Kazi yetu haina siri. Mkono wa kushoto unashika jiwe, wa kulia unashusha nyundo, jioni unazoa kokoto kwa viganja. Ngozi ya vidole inasagika mpaka inang'aa. Hayo kila mgonga kokoto anayajua, wala hakuna aliyewahi kutuletea malaika kwa ajili hiyo.

Mama yake Dorothea, Bibi Ruthu, ana mtoto wa jicho macho yote mawili. Madaktari wa macho walipompima walichukua namba ya Dorothea wakasema, "Zamu yenu ya upasuaji ikifika tutawapigia." Lakini laini ile ilikuwa kwa jina la kaka yake, na kaka yake ameshafariki, hivyo ilikuwa inakaribia kufungwa. Laini ikifungwa, simu ya daktari haitaingia. Dorothea akaenda kwa wakala aisajili kwa jina lake. Akaweka kidole, mashine ikakataa. Akaweka kingine, ikakataa. Vyote vikakataliwa.

Wakala, kijana mstaarabu, akamshika kiganja akakiangalia. "Mama, alama zimelika. Pumzisha mikono, paka mafuta, zitaota tena. Kisha urudi."

Basi. Jambo lilikuwa dogo kiasi hicho. Nikamwambia akae nyumbani, fungu lake nitagonga mimi.

Lakini foleni ina masikio. Habari ikafika kanisani kwao, kwenye lile turubai la Nabii Elisante, na Jumapili Nabii akamwita Dorothea mbele. Akainyanyua mikono yake juu kama mtu anayeuza kuku mnadani. "Mashine ya Mpinga Kristo imeshindwa kumsoma mama huyu! Amekataa alama ya mnyama!"

Dorothea akasema, "Nabii, hizi ni kokoto tu." Kipaza sauti kikaondolewa mdomoni mwake. Watu wakapiga vigelegele na kumrekodi kwa simu zao, simu ambazo laini zake zimesajiliwa kwa vidole hivyo hivyo! Usidhani nawasema Wakristo peke yao. Na kwetu wapo walioniapia kwamba kamera ya simu ni jicho la Dajali, na walikuwa wananiandikia hayo kwa WhatsApp.

Bibi Ruthu alikuwa amekaa kiti cha mbele. Haoni, lakini anasikia vizuri sana. Wakati wa kurudi nyumbani akamwambia mwanawe, "Usirudi tena kwenye mashine ile, mwanangu. Utanipoteza mbinguni."

Siku chache baadaye nikawakuta waumini wake machimboni. Mafundi cherehani, wauza mbogamboga, hata mwalimu mmoja, wamechuchumaa kwenye rundo letu wanasugua vidole kwenye mawe ili alama zilike kama za Dorothea. Optatus, fundi cherehani wa Makole, alikuwa anachuruzika damu huku anaimba pambio. Nikatuma mtu amwite Dorothea.

Alikuja mbio, kanga inaburuzika. Sijawahi kumwona vile.

"Tokeni! Miaka yote mnapita hapo barabarani mkinikuta juani, nani alinipa hata kikombe cha maji? Jiwe liliponipasua kidole, nani aliniuliza hali? Hamkuniona! Leo ulemavu wa kazi ndiyo mnauita utukufu? Optatus, kesho sindano utashika na nini, mjinga wewe?"

Akaokota kokoto akaanza kuwarushia. Na mimi nikarusha, sisemi uongo. Wakatawanyika. Hasira ilinipanda, maana nyumba za hao wote zimejengwa kwa kokoto zetu.

Ngozi ikaota. Dorothea akarudi kwa wakala, kidole kikasomeka, laini ikawa yake. Nabii akatangaza kwamba amejiuza, na Dorothea hakukanyaga tena turubai lile. Halafu simu ikaingia: Bibi Ruthu aje hospitali. Bibi akagoma, akalia, mwisho Dorothea akambeba mpaka kwenye bajaji, nami nikaenda nao.

Hospitali kila kitu kilienda vizuri mpaka karatasi ya ridhaa. Bibi hajui kuandika, kwa hiyo nesi akaleta kidau cha wino. "Bibi, weka dole gumba hapa, tuanze."

Bibi Ruthu akakunja ngumi.

Amekuwa akiweka dole gumba lile tangu ujana wake, kwenye vyeti vya ubatizo wa watoto, kwenye karatasi za chama cha ushirika, kwenye hati ya shamba. Siku ile akakunja ngumi akaibana kifuani. Dorothea akambembeleza, akapiga magoti, kisha akaanza kuifungua kidole kimoja kimoja kwa nguvu huku analia, "Mama, utaniona! Mama, utaniona mimi!" Daktari akamzuia. "Hatuwezi kumlazimisha, dada." Zamu akapewa mzee mwingine.

Jumapili iliyofuata Bibi alipelekwa turubaini na majirani, Nabii akamsimamisha jukwaani. Vigelegele tulivisikia hadi machimboni, maana Dorothea siku hizi Jumapili anagonga kokoto. Baadaye msichana mmoja wa kwaya akaja anahema.

"Shikamooni. Mama, wanakuita. Bibi anataka kwenda chooni, na haoni ngazi za kushukia."

"Watu wote hao wamejaa huko," nikamwambia, "hakuna hata mmoja wa kumshika mkono?"

Dorothea akaweka nyundo chini, akajipangusa vumbi, akaenda.