CD za Otmari Kwenye Mpunga wa Chiwanda

Niliondoka Mbinga kwa sababu ya picha. Baba yangu mdogo, Gerodi, aliyeoa na kuhamia Chiwanda kule ziwani, aliweka kwenye simu picha ya shamba lake la mpunga ili ukoo mzima tuone ulivyozaa. Kweli ulikuwa umezaa. Lakini juu yake, kwenye kamba zilizofungwa kutoka mti hadi mti, zilikuwa zinaning'inia CD za marehemu kaka yangu Otmari, zikimeremeta ili kufukuza ndege. Nilikuwa kwenye cherehani na shati la mteja. Nilikanyaga kwa hasira mpaka sindano ikavunjika.

Najua wengine mtasema, CD tu hizo. Subirini. Otmari alikuwa fundi magari Dar es Salaam. Magari ya mitumba kutoka Japani yalikuja mara nyingi na CD iliyosahauliwa ndani ya redio, na wenye magari wakiisikia inavyonguruma walimwambia aitupe. Hakutupa hata moja. Aliporudi nyumbani alikuja na sanduku zima la hevi metali, na kwa kuwa herufi za kwenye majalada hatukuweza kuzisoma, tulizipa albamu majina yetu wenyewe. Kulikuwa na Farasi, kulikuwa na Yule Anayelia, na kulikuwa na Mlima Unaoungua.

Alinifundisha kusikiliza. Albamu alitaka ianze wimbo wa kwanza na iishe wa mwisho, bila kurukaruka. "Batilda, hii ni kama misa," alisema. "Huingii kwenye komunyo ukatoka." Alinitaka nifuate besi peke yake mpaka niishike, kisha gitaa la ridhimu, kisha miguu ya mpiga dramu. "Watu wanasikia hasira tu. Wewe sikiliza jinsi ilivyopangwa. Huyu amekasirika kuliko sisi wote, na bado hajapoteza pigo hata moja."

Mlima Unaoungua ndiyo tuliyokuwa tunasikiliza alipokuwa mgonjwa kitandani. Tulifika kabla ya wimbo wa mwisho, akachoka, akasema tutamalizia kesho. Hakuiona hiyo kesho. Nikajiwekea ahadi kwamba wimbo ule nitausikia baada ya arobaini, nikiwa na nguvu. Jalada lake halina hata neno moja, na niliowauliza mtandaoni hawakuijua albamu yenyewe, kwa hiyo nakala niliyokuwa na njia ya kuisikia ni hiyo moja tu.

Kabla ya arobaini kulikaa sengu. Sisi Wamatengo ndivyo tulivyo: wanaume wa ukoo wanakula pamoja, na wakishanawa mikono wanakata mambo ya familia. Wanawake tunapika. Nilisonga ugali wa sengu iliyogawa vitu vya kaka yangu, nikaufikisha mlangoni, nikarudi jikoni kwenye moshi. Walipomaliza niliambiwa redio ya CD ni yangu na CD zenyewe ni za Baba Mdogo. Redio huku, CD kule! Na wazee walewale walikuwa wameniambia muziki ule ni wa shetani. Nilidhani angalau ataziweka kabatini.

Jumamosi asubuhi nilipanda Noah ya kwenda Mbamba Bay, nikakaa mbele na redio ya Otmari mapajani. Dereva aliiangalia mpaka akashindwa kuvumilia.

"Dada, hiyo unapeleka kwenye harusi?"

"Napeleka Chiwanda. Nikasikilize hevi metali."

"Ule wa watu kupiga mayowe kama wamechomwa moto?"

"Hawajachomwa. Wamefanya mazoezi."

Alicheka. Mimi sikucheka. Tulipita miteremko ya mashimo ya ngolo, kilimo chetu cha milimani, yamepangwa safu kwa safu mpaka juu kabisa, na kahawa ikiwa na punje za kijani. Siku nyingine ningefurahia. Siku ile nilitazama safu zile nikafikiria gitaa la ridhimu, jinsi linavyorudia kitu kilekile bila kuchoka ili wengine wapate pa kusimama, nikazidi kuwaka.

Baada ya kona nyingi baridi ilikwisha, masikio yakaziba, na ziwa likatokea chini, jeupe kwa jua. Pale Mbamba Bay nilinunua betri na maji, nikachukua bodaboda ya kwenda kusini. Barabara ilikuwa ya vumbi na mawe, na redio nimeikumbatia njia nzima.

Chiwanda nilifika mchana. Ubaya wa kwenda kugombana na mzazi ni kwamba lazima uanze na shikamoo.

"Marahaba, mwanangu! Karibu! Mbona hukusema unakuja?"

Mama Mdogo Winfrida alinipokea mzigo na kunitengea wali na usipa, wale dagaa wa ziwani, wa kukaanga. Unatukanaje mtu ukiwa na wali wake mdomoni? Ukutani, chini ya picha ya Familia Takatifu, walikuwa wamebandika majalada ya Otmari kama mapambo, na ule mlima unaoungua ulikuwa karibu kabisa na miguu ya Mtakatifu Yosefu.

Nilipomaliza kunawa nikasema nataka kuona shamba. Baba Mdogo akatangulia kwa furaha. Kamba zilikuwa ndefu kuliko zilivyoonekana pichani, na upepo wa ziwa ulizigonganisha CD, zikilia kama vijiko. Sikuomba ruhusa wala sikueleza. Nilitoa mkasi wa kazini kwenye mkoba nikaanza kukata kamba.

"Batilda! Una wazimu?"

"Wazimu unao wewe, Baba! Hivi ni vitu vya kaka!"

"Nilipewa na sengu! Niliziomba mbele ya watu, na nilisema ni za nini: zinang'aa. Hakuna aliyepinga."

"Mimi ningepinga!"

"Hukuwepo."

"Nilikuwa jikoni! Nilikuwa nawapikia!"

Ndipo ndege wakaja. Sijui walikuwa wamejificha wapi, walishuka kundi zima, mabua yakainama. Mama Mdogo alikimbia kutoka nyumbani akipiga sinia. Ule mpunga ulikuwa chakula chao cha mwaka mzima, na mimi ndiye niliyeukatia ulinzi.

"Chukua CD zako," Baba Mdogo alisema, sauti imekauka. "Lakini utalinda wewe."

Kwa hiyo Jumapili, wenyeji wangu wakiwa kanisani, nilikuwa juu ya kichuguu katikati ya mpunga. Nilipiga kelele za kawaida, ndege wakanizoea. Basi nikaanza Yule Anayelia, kutoka wimbo wa kwanza, kwa ile sauti ya kooni inayotoka tumboni, na kila lilipofika pigo la dramu nilipiga sinia. Niliwaimbia ndege wale kikao kizima cha sengu: ugali, moshi, redio huku na CD kule. Nilijaribu kubwata tu, koo likachoka upesi. Nilipofuata pigo, nikahema pale mwimbaji anapohema, niliendelea mpaka jua likawa kali. Otmari alikuwa sahihi, na hilo nalo liliniudhi, kwa kuwa sikuwa na wa kumwambia.

Walirudi kanisani wakanikuta nikiendelea. Baba Mdogo alisimama pembeni ya shamba na kofia mkononi.

"Ni wewe? Tumekusikia tokea barabarani."

"Ni mimi."

Mchana ndege walipungua. Nilikuwa nimefuta CD zote kwa maji safi na kitambaa laini. Niliiweka Mlima Unaoungua kwenye redio tukiwa palepale kivulini kando ya mpunga, na nikaianzisha mwanzo kabisa. Nilitegemea wenyeji wangu waondoke. Mama Mdogo anacheza kioda, ile ngoma ya wanawake wa huku ziwani, na katika wimbo wa tatu aliinua kidole.

"Huyu wa ngoma ana wenzake wangapi?"

"Yuko peke yake. Anapiga na miguu yote miwili."

"Peke yake!" Akamgeukia mumewe. "Gerodi, umesikia? Peke yake." Na Baba Mdogo alipotaka kuinuka akamshika shati. "Kaa. Ngoma haijaisha."

Alikaa. Tulifika nilipoishia na Otmari, tukapita. Wimbo wa mwisho ulianza taratibu, magitaa mawili yakijibizana, besi chini yao, kisha dramu zikaingia na mwili wangu wote ukasisimka. Ulikuwa unapanda. Na pale ulipotaka kufika, CD ikakwama. Pigo lilelile, tena, tena, tena. Niliifuta, nikairudisha. Ikakwama palepale. Jua na mchanga vilikuwa vimekula ukingo wake, pale wimbo wa mwisho unapokaa.

Tulikaa tukisikiliza lile pigo. Mwishowe Baba Mdogo akauliza polepole, "Unaishaje?"

"Sijui, Baba. Na sitajua."

Alitazama mpunga wake, akatazama miguu yake. "Ilitupasa tukuulize," alisema. Nililia kwa hasira, siyo kwa kitu kingine, na Mama Mdogo akazima redio.

Jumatatu nilipanda kurudi Mbinga na sanduku la Otmari. Nikawatumia kifurushi cha vipande vya satini vinavyong'aa, vya kufungia kwenye kamba. Sijawasamehe wote. Nilichojifunza ni kwamba hasira yangu ilikuwa na haki muda wote, ila nilikuwa naipigia jikoni, ambako hakuna anayesikia.

Baada ya mavuno sengu ilikaa tena, safari hii kwa ajili ya shamba la kahawa aliloliacha Otmari. Nilisonga ugali. Niliufikisha mlangoni, nikaingia nao, nikauweka katikati, nikakaa kwenye mkeka. Baba Mdogo, aliyekuwa amepanda kutoka Chiwanda, alisogea kunipa nafasi. Baba Mkubwa, anayeongoza sengu, akanigeukia.

"Una neno, Batilda?"

"Ninalo, Baba. Ni refu, na msinikate katikati."