Bunduki Inayojikoki na Kiwiko cha Baba

Ilianza Jumapili ya mwisho ya Juni, saa kumi na robo jioni, baba mdogo alipoweka simu yake mezani, kando ya bakuli la loshoro, mahindi yetu ya maziwa mgando, akasema, "Kaka, iangalie vizuri kabla hujaikataa."

Kwenye simu kulikuwa na picha ya bunduki. Baba yangu hufuatana na wageni wanaokuja kuwinda. Yeye ndiye hubeba bunduki ya akiba, ya kumwokoa mgeni kama nyati amejeruhiwa halafu akageuka. Baba mdogo ni dereva wa kampuni hiyo hiyo. Msimu ulikuwa unafunguliwa keshokutwa, na bosi wao alikuwa amemtuma aulize: baba abaki na ile ya zamani, au bosi ajaribu kumwombea kibali cha hii mpya?

Nilimwamkia, nikakaa kwenye kigoda karibu na mlango. Mimi si msemaji. Wageni wakija, nakumbuka nilichotaka kusema wakishaondoka.

"Mama, njoo na wewe uone," akaniita. Huniita hivyo kwa sababu nimepewa jina la mama yao, kama tunavyofanya sisi Wameru. "Si ndiwe ulikuwa unampa huyu kaka yangu ukoko wote, mimi unaninyima?"

Nikaenda kuangalia. Ilikuwa nyeusi, inang'aa, kama kitu ambacho hakijawahi kuona matope.

"Hii magnamu, ya risasi kali, inajikoki yenyewe," akamwambia baba. "Ukifyatua, ganda linaruka, risasi nyingine inaingia. Kazi yako ni kidole tu. Ile yako kila risasi uinue chuma, uvute nyuma, usukume mbele, ushushe. Nyati anakusubiri?"

"Hajawahi kunisubiri, na bado niko hapa nakula."

"Halafu haipigi bega sana. Nguvu nyingine inaishia humo humo ndani."

"Hapo sibishi, ni nzuri." Baba akasogeza bakuli. "Ila vumbi la Agosti likiingia humo? Ya kwangu ikikwama naona ilipokwama. Hiyo ikikwama nimwambie nyati pole, ngoja nifungue? Na risasi yake ni nyembamba, imetengenezewa swala wakubwa wa huko kwa hao wageni. Nyati ataona umempiga kofi. Isitoshe, sheria ya uwindaji hapa haitaki bunduki inayojikoki. Hicho kibali bosi atakitoa wapi?"

"Wewe umezeeka tu na hilo gongo lako."

Wakacheka. Mama yangu naye akacheka kutoka jikoni. Mimi nilikuwa naangalia mkono wa baba. Kila alichosema baba kilikuwa kweli, na hilo ndilo lililonitisha. Angebaki na ile ya zamani kwa sababu nzuri kabisa, na sababu moja ya kuikataa hakuna aliyeitaja.

Wakati wa masika baba aliteleza kwenye mfereji akikatia ng'ombe majani ya migomba, akaangukia kiwiko cha kulia. Kazini alisema kimepona, na nyumbani alisema hivyo hivyo. Sasa, bunduki hulala stoo ya kampuni, kwa hiyo kila mwaka kabla ya msimu baba hutoa mpini wa jembe, anajificha nyuma ya banda na kufanya mazoezi: inua, vuta, sukuma, shusha. Mwaka huu nilikuwa migombani nikamwona. Mkono ulifika katikati, ukakataa. Akajaribu tena. Kisha akakishika kiwiko, akaangalia huku na huku kama mwizi.

Wiki nzima darasani sikusoma kitu. Na Jumapili hiyo nilinyanyuka kutoa vyombo, nikakaa, nikanyanyuka tena.

"Una siafu wewe?" mama akaniuliza.

Baba mdogo akachukua simu. "Basi namwambia bosi ni ile ya zamani."

"Mwambie."

"Baba hawezi kuvuta," nikasema.

Niliiambia sakafu. "Mkono haufiki. Nilimwona na mpini."

Nilingoja kufukuzwa. Hakuna aliyenifukuza. Baba mdogo akasema polepole, "Kaka, hebu kunja mkono." Baba hakuukunja.

"Si ndiyo maana nasema hii ya kidole tu," baba mdogo akaanza.

"Hata hiyo ikikwama inataka mkono," baba akasema, akaenda kuangalia ng'ombe ambao alikuwa ameshawaangalia.

Baba mdogo alipoaga hakunitania. Alisema tu, "Haya, mama," na safari hii nilitamani asingeniita hivyo. Usiku niligeukageuka. Nilijiona nimemtoa baba kazini kwa mdomo wangu.

Asubuhi, nikiwa tayari na sare ya shule, baba aliniita nyuma ya banda. Mlima wote ulikuwa umefunikwa na wingu. Alikuwa na ule mpini.

"Angalia, na usinionee huruma."

Akainua, akavuta. Mkono ukaishia pale pale.

"Umefika?"

"Haujafika, baba."

Akaitikia kwa kichwa, akampigia bosi simu nikiwa nimesimama hapo hapo. "Bunduki abebe mwingine," akasema. "Mimi nitafuata nyayo, macho yangu ni mazima." Bosi alisema maneno mengi ambayo sikuyasikia. Baba alijibu ndiyo, kisha ndiyo nyingine, akakata, akaingia ndani bila kuniambia wamekubaliana nini.

Mpini aliuacha umeegemea banda. Niliuchukua, nikaurudisha kwenye jembe lake, nikaugonga kwenye jiwe mpaka ukakaza, nikaenda shule.